Utando Mnene wa Mama Matone

Ukimwacha mwanawe, Mama Matone alikuwa na fahari moja tu maishani, nayo ni wembamba wa kazi yake. Akichapa utando wa wino juu ya karatasi ya plastiki, ukiutazama mara ya kwanza huuoni. Mpaka uuinamishe kidogo dirishani ndipo unaona rangi ya zambarau inapita juu yake kama mafuta juu ya maji. Jina la Matone alilipatia hapo hapo kazini, kwa sababu mashine yake ya kuchapa ilirusha wino kwa matone madogo mno, na yeye aliyajua matone yale kama mzazi anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Wachapaji wa chumba cha pili, wale wa paneli za jua, walikuwa wakija kushangaa tu. Wanatazama, wanaguna, wanarudi kwao wamenywea.

Jengo lao zamani lilikuwa kiwanda cha mikate. Sakafuni bado zilionekana alama nyeusi mahali tanuri zilipokaa, na siku za joto kuta zilitoa harufu ya hamira ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuiondoa. Sasa ni maabara, na kilichookwa humo ni vihisi: vipande vya plastiki laini, vyepesi kama plasta ya kidonda, vilivyochapwa wino wenye tabia ya kugeuza mwanga kuwa umeme. Unamfunga mtu kidoleni, taa ndogo upande huu, kihisi upande wa pili. Damu ikijaa kidoleni inakula mwanga kidogo, ikipungua inauachia, na kwenye skrini mstari unapanda na kushuka. Hayo ndiyo mapigo ya moyo, na hiyo ndiyo habari yote.

Ingekuwa habari yote, kama si kelele. Si kelele za kusikika kwa sikio. Ni umeme usioalikwa, unaotetemeka wenyewe ndani ya waya na ndani ya wino hata gizani, na kuuvuruga mstari mpaka unaonekana kama majani yaliyopitiwa na mbuzi. Umeme unaoletwa na kidole ni mdogo sana. Kelele zikizidi, moyo wa mtu unapiga pale pale mbele yako na wewe huuoni.

Na Ijumaa sista mkuu wa wodi ya watoto njiti alikuwa anakuja kuona. Alikuwa ameshasema kwenye simu, bila kuzungushazunguka, kwamba watoto wake hawamulikwi taa kali: kihisi kisome kwa taa iliyofifia, au wasimpotezee muda. Kikisoma, vihisi vinaingia wodini kwake kuanza majaribio. Kisiposoma, Profesa, mkuu wa maabara, ameshakata shauri kwamba mashine ya kuchapa inahamia kwa watu wa paneli. Profesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na mashine moja na vyumba viwili.

Mama Matone alilitaka jambo hili mpaka lilimnyima raha ya chakula. Mwanawe alizaliwa njiti, kiganja kizima cha mtoto kikiwa hakifiki pingili ya kidole cha mama yake, na wodini walimfunga mguuni kibanio kigumu cha kupima mapigo, kilichoshikiliwa kwa plasta. Kila plasta ilipobanduliwa, iliondoka na ngozi. Leo mtoto huyo ni mkubwa, anakula kama wageni watatu na kuvunja vikombe apendavyo, lakini mama yake hajakisahau kile kilio chembamba ambacho hata nguvu za kuwa kilio hakikuwa nazo. Alitaka kile kibanio kiondoke wodini, basi.

Sasa mpimaji. Mungu naye ana utani wake, maana katika watu wote wa dunia, aliyepewa kazi ya kupima kelele za vihisi vya Mama Matone alikuwa dada wa mume wake. Maabara nzima walimwita Bi Kelele, kwa kazi yake na kwa koo lake pia. Mawifi hawa walipendana sana, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakisema hivyo. Jumapili, mezani kwa mama mkwe, walikuwa wameshakorofishana mbele ya wali: Mama Matone akidai kelele zinatoka kwenye vipimo, Bi Kelele akidai zinatoka kwenye wino. Mwishowe wakawekeana dau. Atakayeonekana ana makosa ataosha masufuria yote ya Jumapili ijayo.

"Mimi sijali nani kashinda," alisema mama mkwe, akipakua. "Mradi yaoshwe, na yale ya chini yasuguliwe."

Jumatatu asubuhi Bi Kelele alikuwa ameshaingiza kihisi kwenye kisanduku chake cheusi, kile alichokibandika kitambaa cheusi ndani mpaka kwenye pembe ili mwanga usipate hata pa kuchungulia.

"Wifi! Njoo uione aibu yako!"

"Yangu au yako?" Mama Matone alijibu kutoka kwenye mashine yake. "Wino wangu hauna neno. Kagua waya zako."

"Nimezikagua. Wino wako unavuja."

"Unavuja? Kwani ni ndoo?"

Lakini alikwenda. Kwenye skrini mstari ulikuwa umejaa manyoya, na kila baada ya muda uliruka juu ghafla, kama mtu aliyekalia msumari. Mama Matone akakunja mikono, akasimama nyuma ya wifi yake. Aliangalia skrini, akaangalia chumba, akaangalia tena skrini. Kwenye kona, juu ya kabati, palikuwa na birika la umeme la kutunza maji ya moto, maana Bi Kelele hapimi kitu bila chai. Taa yake nyekundu ikawaka. Mstari ukaruka. Ikazimika. Mstari ukaruka. Waya wa birika ulishuka nyuma ya kabati, ukapita chini ya meza, ukaenda kuchomekwa kwenye ekstensheni ile ile iliyolisha vipimo.

Aliacha taa iwake na kuzimika tena na tena, si kwa kutafuta uhakika bali kwa kufaidi.

"Wifi, hebu niambie," alisema hatimaye, kwa upole wa kuudhi. "Hapa nani mgonjwa, wino wangu au chai yako?"

Bi Kelele aligeuka, akaliona birika, akaliona soketi. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika meza.

"Usimwambie Mama."

"Nimeshaanza kuandika ujumbe," alisema Mama Matone.

Birika likafukuzwa chumbani, likaenda kuishi kwenye korido, na mstari ukaacha kurukaruka. Mama Matone alizunguka siku nzima kichwa kimevimba. Aliwaambia watu wa paneli. Alimwambia fundi wa umeme aliyekuja kwa shughuli zake nyingine kabisa. Alikuwa ameshayaona masufuria yakioshwa, na mikono isiyo yake ikiwa ndani ya povu.

Raha hiyo haikudumu. Bi Kelele aliposhusha mwanga wa taa hadi kiwango alichotaka sista, yale manyoya yalikuwa bado yapo. Hayakuruka tena. Yalichemka tu, mfululizo, kama mvua ya rasharasha juu ya bati, na ndani yake mapigo ya moyo yakapotea. Walizima taa za chumba. Walipeleka simu zao nje. Walichomoa kila kisichohitajika, na Bi Kelele hata akajaribu kunyamaza, jambo lililowashtua watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kama kuna msiba. Manyoya yakabaki.

"Sasa twende kwako," alisema Bi Kelele, na hakusema kwa kejeli. Aliweka kihisi chini ya hadubini, akasogea pembeni.

Mama Matone akainama. Utando wake mzuri, fahari yake, ulikuwa na vitundu. Si vingi, na vidogo kuliko vumbi, lakini umeme hauhitaji mlango. Mahali pengine utando haukuwa na tundu ila ulikuwa umekonda mno, na hapo nako umeme ulipenya kutoka waya wa juu ya utando hadi waya wa chini yake, gizani, bila mwanga wowote kuuita. Ule uliopenya ndio uliokuwa unatetemeka. Ndio ulikuwa mvua ya kwenye bati.

"Nitachapa upya," alisema.

Akachapa upya, na kwa kuwa katika mafunzo yake yote kazi safi maana yake ni kazi nyembamba, alichapa wembamba zaidi. Kelele zikapanda. Akadhani mkono umetetereka. Akapunguza matone, akaosha kichwa cha mashine, akachapa wembamba ambao hata yeye mwenyewe ilibidi amulike kwa mwanga kujua plastiki ipi imechapwa na ipi bado. Kelele zikapanda tena. Jumatano jioni alikuwa amekaa juu ya kiti kirefu, ameshika tama, na mbele yake vihisi vimepangwa, kila kimoja kizuri kuliko chenzake na kibaya kuliko chenzake.

Bi Kelele alikuja akaegemea meza. Alikuwa amechoka, na uchovu ulikuwa umempunguzia sauti.

"Wifi, mimi nakuuliza tu, usinune. Mbona unachapa kama vile bado uko kwenye paneli?"

Mama Matone alinuna. Alikusanya trei zake, akaenda nazo sinkini, akafungulia maji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kwenye paneli ndiko alikojifunzia kazi, na kwenye paneli ndiko alikosifiwa, naye hakuona kwa nini mtu amtajie pale mahali kama tusi. Alisugua trei ya kwanza kwa hasira. Ya pili akaisugua taratibu. Ya tatu ikabaki mkononi, maji yanaipita.

Kwenye paneli, utando ukiwa mnene chaji, zile chembe za umeme, zinachelewa kutoka na kufia njiani, na umeme unapungua. Kwa hiyo unachapa wembamba. Kuna vitundu? Vipo, siku zote vilikuwepo. Lakini juani mwanga unamiminika, na kinachovuja ni tone kwenye mto, nani ataliona? Hapa hakuna jua. Hapa kuna taa ya kufifia na kidole cha mtoto, na tone linalovuja ni kubwa kuliko mto wenyewe. Na chaji kuchelewa? Si kihisi kina betri yake ndogo inayozivuta? Na zikichelewa kidogo, zinawahi wapi?

Alijiona mjinga, mjinga wa kupigiwa mfano. Siku zote hizi alikuwa akiukondesha utando ambao shida yake ilikuwa kukonda. Kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, akacheka peke yake sinkini, povu likimfika kwenye viwiko. Akafunga maji na kwenda nyumbani, na usiku ule alilala fofofo.

Alhamisi alifika mapema, akafunga mlango. Hakutaka watu wa paneli wamwone. Alichapa tabaka la kwanza, akaliacha likauke polepole kwenye moto mdogo, akarudisha plastiki mashineni. Hapo mkono uligoma. Miaka yake yote ilimwambia kazi imeisha, toa, mwonyeshe mtu. Akapiga moyo konde, akabonyeza. Tabaka la pili likalala juu ya la kwanza na kuziba vitundu vyake, la tatu likaziba vya la pili, na akaendelea hivyo mpaka plastiki ikawa nyeusi tititi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Haikuwa na uzuri wowote. Aliifunika kwa kitambaa, akaibeba kwenda kwa wifi yake kama mtu aliyebeba sahani aliyoivunja.

"Usiseme neno," alisema.

Bi Kelele alifunua, akaangalia, akamwangalia yeye. Akafungua mdomo.

"Nimesema usiseme."

Kihisi kikaingia kwenye kisanduku, mfuniko ukafungwa. Kwenye skrini mstari ulilala chali. Bi Kelele aliigonga skrini kwa ukucha.

"Umechomoa waya?"

"Sijagusa kitu."

Bi Kelele alikagua waya mmoja baada ya mwingine. Zote zilikuwa mahali pake. Akawasha taa ya ndani, ile iliyofifia, na mstari ukapanda mara moja, ukatulia. Akazima, ukashuka. Basi akatoa kihisi, akajifunga kidoleni, akafunika mkono kwa kitambaa cheusi, na wote wawili wakainamia skrini. Kikaja kilima kidogo. Kikaja kingine. Vilima safi, vya mviringo, kimoja nyuma ya kingine, na kati yao hakuna unyoya hata mmoja.

"Ngoja," alisema Bi Kelele, bado hataki kuamini. "Utando mnene hivi si unachelewa?"

"Unachelewa. Lakini kati ya pigo na pigo, kwa umeme hiyo ni likizo ya mwaka. Una muda wa kwenda na kurudi na kusalimia njiani."

Hapo ndipo Bi Kelele alipopiga ukelele. Alipiga ukelele wa kweli, wa koo lote, akamkumbatia wifi yake na kumnyanyua. Watu wa paneli waliingia mbio, wa mbele ameshika mtungi wa kuzimia moto. Walipoambiwa hakuna moto, walitaka kuonyeshwa kulikoni, na walipokiona kile kihisi, mkubwa wao alishika kiuno.

"Mama Matone, hiki ndicho ulichochapa wewe? Au umemwagikiwa uji?"

"Uji," alisema Mama Matone, kifua mbele. "Na umeiva."

Dau nalo likaamuliwa pale pale: wote wawili walikuwa na makosa, kwa hiyo mmoja ataosha na mwingine atasuuza. Mama mkwe alipopigiwa simu alisema hilo alilijua tangu Jumapili, na kwamba kuna masufuria mengine darini atayateremsha.

Ijumaa sista mkuu alifika. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye uso usiotoa siri, uso uliokwisha kupokea machozi na furaha za watu wengi mno kiasi kwamba zake hazikuonekana. Profesa alimweleza mengi. Alimweleza habari za wino, habari za kaboni iliyomo ndani yake, akaanza na za siku zijazo.

"Ahsante," alisema sista. "Mmempima nani?"

"Sisi wenyewe," alijibu Mama Matone.

"Ninyi mna vidole vya moto. Nipimeni mimi."

Mikono yake ilikuwa baridi. Ilikuwa imekauka kwa miaka ya kunawa kabla ya kila mtoto na baada ya kila mtoto, na alisema, bila kutabasamu, kwamba vipimo vya wodini vikimgusa vinakataa, mpaka manesi wake wanasema hana damu. Mama Matone alimfunga kihisi kwa uangalifu. Bi Kelele akashusha mwanga wa taa, akashusha tena, mpaka ikawa ni kama nukta tu ya ukungu mwekundu. Mstari ukalala. Ukaendelea kulala. Profesa akakohoa. Mama Matone akajua kwamba hiki kikishindwa, atakubali kutoa mashine lakini hataweza kutoa maneno.

Kikaja kilima. Chembamba, cha aibu aibu. Kikaja kingine, na kingine, vikashika mwendo.

"Hiyo ni mimi?" aliuliza sista.

"Ni wewe, Sista."

Sista aliitazama skrini. Kisha akakishika kihisi kwenye ukingo, akakibandua mwenyewe, akageuza kidole huku na huku kutafuta alama. Hakuna. Akakirudisha, na vilima vikarudi.

"Mwanangu alikuwa njiti," Mama Matone alijikuta anasema. "Kile kibanio kilimtoa ngozi ya mguu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale."

Uso wa sista haukubadilika. Alikaa wima.

"Nimesikia," alisema. "Nitafikiri. Wodi si mahali pa kukimbilia mambo. Nitawajulisha, lakini msijipe matumaini makubwa."

Maneno yalikuwa mazito na sauti ilikuwa tulivu. Ila nyuma yake, kwenye skrini, vilima vilikuwa vimeanza kusongamana. Kila alivyozidi kusema kwa utulivu, vyenyewe vilizidi kukimbia, kimoja kinamkanyaga mwenzake kisigino. Profesa aliona, akaangalia dari. Mama Matone aliona, akashika pindo la koti lake jeupe. Bi Kelele naye aliona, na yeye hakuumbiwa kuangalia dari.

"Sista, samahani. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi moyo wako unakimbilia wapi?"

Sista aligeuka. Alijiona pale kwenye skrini, anakwenda mbio kama msichana aliyeitwa jina lake mbele ya watu. Akavuta pumzi kujituliza. Vilima vikazidi kukimbia. Akakaza midomo, ikakataa kukazika, na ghafla uso ule wote ukaachia, akacheka. Alicheka mpaka kidole kikatikisika na mstari ukapoteana, na hakuna aliyejali.

"Niondoleeni kitu hiki," alisema, akifuta macho kwa mkono mwingine, "kabla hakijasema yaliyobaki."

Mama Matone aliinyoosha mikono yake kukibandua, machozi yakimtoka na yeye anacheka. Sista akauvuta mkono wake nyuma.

"Acha kwanza. Miaka mingapi nimesubiri kitu laini." Akavuta kiti kwa mguu, akakisogeza karibu na mashine ya kuchapa. "Jumatatu mje wodini. Lakini hivi mlivyovikata ni vikubwa, havifai. Angalieni."

Akainua mkono ule uliofungwa, akakaribianisha kidole gumba na cha shahada, akaacha nafasi ndogo sana katikati, akawaonyesha mguu wa mtoto njiti ulivyo.